Umenyimwa mafao ya ulemavu Marekani: rufaa uiendeshe mwenyewe au umkabidhi wakili?

Barua ikifika, watu wengi hurukia sentensi inayosema kwamba hali yao haitoshi kuitwa ulemavu kwa mujibu wa sheria. Wanaisoma mara tatu, wanakasirika, wanaitupia kwenye droo. Mimi huomba nionyeshwe kwanza tarehe iliyo juu ya ukurasa. Ofisi ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ambayo kila mtu huiita SSA, huchukulia kwamba barua ilikufikia siku 5 baada ya tarehe hiyo, na kuanzia hapo una siku 60 za kukata rufaa. Nimewahi kuletewa barua siku zimebaki mbili, bado imekunjwa vilevile ilivyotoka kwenye bahasha.

Mimi ni mkalimani, si mwanasheria. Kazi imenikalisha kati ya waombaji wanaozungumza Kiswahili na watu wa kila aina wanaowasaidia: mawakili, wawakilishi wasio mawakili, wafanyakazi wa msaada wa kisheria, na watoto wa shule waliogeuzwa makatibu wa wazazi wao. Mtu akiniuliza achukue wakili au apambane mwenyewe, nami humuuliza: uko hatua ya ngapi, na unadai mafao gani? Wakili yuleyule anaweza kuwa wa lazima kwenye hatua moja na wa ziada tu kwenye nyingine.

Kwanza: rufaa au ombi jipya?

Kuna ushauri unaozunguka kwenye misiba na harusi zetu: "Usihangaike na rufaa, jaza upya tu, utapata afisa mwingine." Afisa mwingine utampata hata kwenye rufaa. Ombi jipya linarudisha hesabu ya hela mwanzo. SSDI, yaani mafao yanayotokana na makato ya mshahara wako, yanaweza kulipwa kwa muda wa hadi miezi 12 kabla ya tarehe uliyoomba, baada ya kuondoa miezi 5 kamili ya kusubiri. SSI, ya watu wenye kipato na mali kidogo, hailipi hata senti kwa muda uliotangulia ombi. Ukiliacha ombi la kwanza life, ukaanza jingine baada ya mwaka, huenda umetupa malimbikizo ya miezi mingi kwa mikono yako.

Kwenye SSDI kuna shimo jingine. Mafao hayo ni bima, na bima hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa watu wazima wengi, kanuni inataka uwe umefanya kazi yenye makato hayo kwa takriban miaka 5 ndani ya 10 iliyotangulia ulemavu. Ukishaacha kazi, tarehe hiyo inakusogelea. Anayeomba upya baada ya tarehe kupita bado anaweza kushinda, lakini lazima athibitishe kwamba alikuwa mlemavu kabla ya siku hiyo, kwa vyeti vya enzi hizo. Wala usifikirie kufanya yote mawili: tangu 2011, SSA kwa kawaida haipokei ombi jipya la mafao yaleyale wakati rufaa ya zamani bado inasikilizwa.

Ombi jipya lina maana pale dirisha la rufaa limefungwa kabisa. Hata hapo, jaribu kwanza kueleza kwa maandishi kwa nini ulichelewa. Kanuni zinakubali sababu kama ugonjwa mzito, au kupotoshwa na afisa, na zinataja waziwazi kutokimudu vizuri Kiingereza. Hiyo ya mwisho watu wetu huiacha kwa sababu wanaona aibu kuiandika.

Kama wewe hukunyimwa ombi bali ulikuwa unalipwa na sasa wanakukatia kwa madai kwamba umepona, saa yako ni kali zaidi. Ukitaka malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa, lazima uyaombe ndani ya siku 10 tangu upokee barua. Na ujue kwamba ukishindwa, wanaweza kukudai warudishiwe.

Wanne wa kuchagua

Kuna wewe mwenyewe. Kuna mwakilishi asiye wakili: SSA inaruhusu watu hao, na wale wanaotaka ada yao ilipwe moja kwa moja na SSA hulazimika kufanya mtihani wa SSA, kuwa na bima na kuchunguzwa rekodi zao. Kuna wakili binafsi. Na kuna ofisi za msaada wa kisheria, nyingi zikiwa zinapata fedha kupitia shirika la Legal Services Corporation lililoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1974. Hizo hazikutozi, ila kwa kawaida zinapokea wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa taifa, na zina masharti juu ya hali ya uhamiaji ya mteja. Kliniki za vyuo vya sheria nazo nitaziweka humo, maana mteja hatofautishi sana. Wanafunzi wanafanya kazi, mwalimu wao anasimamia, na faili lako linasomwa kwa uangalifu ambao hela haiununui.

Watu huwaona hawa wanne kama ngazi, chini asiyejua na juu anayejua. Si hivyo. Nimeona wawakilishi wasio mawakili waliofanya kazi ndani ya SSA miaka mingi, wanaojua faili lilipokwama kabla hujamaliza kueleza. Nimeona pia ofisi kubwa za uwakili ambako mteja anaongea na sauti tofauti kila akipiga simu, na wakili mwenyewe anamwona kwa mara ya kwanza dakika 20 kabla ya kesi. Cheo si kitu cha kwanza kuuliza. Uliza nani atakusanya rekodi za hospitali, lini, na nani atakaa nawe siku ya kesi.

Mpaka mmoja wa kweli kati ya wakili na asiye wakili uko mwishoni kabisa: mahakama ya shirikisho. Huko mwakilishi asiye wakili hawezi kukufikisha. Kama kesi yako ina dalili ya kwenda mbali, hilo ni jambo la kuwaza mapema.

Hatua ya kwanza: mapitio ya karatasi

Hatua ya kwanza ya rufaa ni kuomba faili lisomwe upya. Fomu ni SSA-561, inafuatana na SSA-3441 inayoeleza kilichobadilika tangu ulipoomba, na SSA-827 inayoruhusu SSA kuchukua rekodi zako hospitalini. Vyote vinaweza kufanyika mtandaoni. Faili linarudi kwenye ofisi ya jimbo inayoamua masuala ya ulemavu na kukabidhiwa mchunguzi ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza. Kwa kawaida hakuna anayekuona uso. Na wengi wananyimwa tena.

Hapa sioni hasara kubwa ya kujisimamia, ilimradi ufanye kazi yenyewe. Hakuna mtu wa kumshawishi kwa maneno. Kuna makaratasi tu. SSA-3441 ndiyo watu wanaoiharibu. Wanajibu "hakuna mabadiliko" kwa sababu ugonjwa ni uleule, wakati tangu waombe wameongezewa dawa, wamelazwa mara mbili, na hawawezi tena kupanda ngazi za nyumbani. Kila daktari mpya, kila kipimo, kila dawa na madhara yake vinatakiwa viingie, pamoja na jina la kliniki na miezi uliyokwenda. Kama kuna mtu wa kukusaidia kuandika kwa Kiingereza, hatua hii unaiweza.

Wakili akiingia mapema anafaa zaidi kwenye makesi mawili: pale SSDI yako ina tarehe ya bima iliyo karibu au iliyokwisha pita, na pale daktari wako hajaandika chochote cha maana kuhusu unachoweza na usichoweza kufanya. Hayo mawili yanahitaji mtu anayejua aombe nini na kwa nani. Lakini usisubiri wakili wakati siku zinakwisha. Peleka rufaa leo, wakili mtafute kesho. Atakapokubali, mtajaza SSA-1696 ya kumteua na ataichukua kesi pale ilipofika.

Mbele ya jaji: hapa usiende peke yako

Ukinyimwa tena, una siku nyingine 60 za kuomba kusikilizwa na jaji wa utawala, yaani jaji wa SSA yenyewe, si wa mahakama. Hii ndiyo hatua ambayo mtu anakusikia kwa mara ya kwanza, ndiyo watu wengi wanaoshinda rufaa wanaposhindia, na ndiyo ninayoona tofauti kubwa kati ya aliye na mwakilishi na asiye naye. GAO, ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua serikali, ilichapisha uchambuzi mwaka 2017 ikaonyesha kwamba waliokuja na mwakilishi walikubaliwa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya waliokuja peke yao. Sehemu ya tofauti hiyo, nadhani, inatokana na mawakili kuchagua kesi zenye nguvu tangu mwanzo. Hata ukiipunguza kwa sababu hiyo, bado ni pengo la kutisha.

Kinachopotosha watu ni jinsi chumba chenyewe kilivyo cha upole. Hakuna wakili wa serikali anayekupinga. Jaji anaongea taratibu, pengine kwa video au simu, shughuli mara nyingi haifiki saa moja. Mtu akitoka anasema, "Jaji alikuwa mzuri sana, alinielewa." Kumbe kesi ilikuwa imeamuliwa dakika ambazo yeye hakuzungumza kabisa, wakati jaji alipokuwa akimhoji mtaalamu wa kazi, shahidi anayeulizwa ni kazi zipi mtu wa hali fulani anaweza kuzifanya.

Dakika hizo zinakwenda hivi. Jaji anamwambia mtaalamu: chukua mtu wa umri fulani, elimu fulani, anayeweza kubeba pauni 10, kukaa saa 6 katika siku ya saa 8, asiyeweza kupanda ngazi za kuegemeza. Je, kuna kazi kwa mtu huyo katika uchumi wa taifa? Mtaalamu anataja kazi tatu na idadi ya nafasi zake. Kazi hizo zinatoka kwenye kamusi ya serikali ya kazi ambayo haijahuishwa kikamilifu tangu 1991. Wewe umekaa hapo, mkalimani anakufasiria kwa sauti ya chini, unasikia kwamba unaweza kukagua vifaa vidogo kiwandani, na unabaki kujiuliza kiwanda hicho kiko wapi. Jaji anageuka: "Una swali kwa shahidi?" Asiye na mwakilishi karibu kila mara husema hana. Au anaanza kueleza maumivu yake upya, jambo ambalo si swali.

Mwakilishi mwenye uzoefu anauliza kitu kifupi. Mtu huyohuyo, akikosa kazini siku mbili kwa mwezi kwa sababu ya matibabu? Akilazimika kulala chini nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, nje ya mapumziko ya kawaida? Mara nyingi mtaalamu hujibu kwamba kwa hali hiyo hakuna kazi. Sentensi hiyo sasa imo kwenye rekodi, na kama faili lina barua ya daktari inayounga mkono zile siku mbili, jaji ana kitu cha kushika. Ndiyo kazi ya wakili kwenye chumba kile: swali moja la sekunde 15, na barua ya daktari aliyoiomba miezi minne kabla.

Barua hiyo nayo ina namna yake. "Mgonjwa wangu ni mlemavu na hawezi kufanya kazi" haina uzito, kwa sababu uamuzi huo SSA inaona ni wake, si wa daktari. Kinachotakiwa ni vipimo vya mwili na akili: anaweza kukaa kwa muda gani mfululizo, kusimama muda gani, kubeba uzito gani, mikono yake inashika vizuri kiasi gani, atakosa siku ngapi, na kwa ushahidi gani. Wakili mzuri humpelekea daktari fomu ya maswali hayo. Mwombaji peke yake anaweza kuipeleka pia, ila madaktari wengi hujibu haraka zaidi wakiona barua ya ofisi. Sipendi kuisema, lakini ndivyo nilivyoona.

Kuna pia sheria ya siku 5 za kazi: ushahidi wote uwe umefika, au angalau umemjulisha jaji kwamba upo na uko njiani, si chini ya siku 5 za kazi kabla ya kusikilizwa. Anayekuja na bahasha ya rekodi mkononi siku ya kesi anaweza kukataliwa. Notisi ya tarehe hutumwa angalau siku 75 kabla, kwa hiyo muda upo.

Ukijikuta umefika mbele ya jaji peke yako, usijione umekwisha. Jaji atakueleza kwamba una haki ya kuwa na mwakilishi. Sema unataka muda wa kumtafuta. Kwa kawaida mara ya kwanza wanaahirisha. Kuchelewa huko ni afadhali kuliko kusikilizwa mara moja na vibaya.

Kupita hapo

Ukishindwa kwa jaji kuna Baraza la Rufaa, tena kwa siku 60, kisha mahakama ya wilaya ya shirikisho. Nitapita haraka, kwa sababu hapa hakuna cha kulinganisha sana. Baraza huangalia kama jaji alikosea, halikusikilizi upya. Mahakamani ada ya kufungua kesi ni dola 405, inayoweza kusamehewa kwa asiye na uwezo, na jaji wa shirikisho anasoma rekodi ileile kuona kama uamuzi una ushahidi wa kutosha. Ushindi wa kawaida huko si kulipwa moja kwa moja, ni faili kurudishwa SSA lisikilizwe tena. Kuandika hoja za aina hiyo ni kazi ya wakili, na si kila wakili wa ulemavu anafanya kazi za mahakamani. Uliza mapema.

Hela inakwenda wapi

Hofu ya bei ndiyo inayowafukuza watu, na kwa kweli ni hofu iliyokosa mahali. Mkataba wa kawaida mbele ya SSA unasema mwakilishi analipwa ukishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, au kikomo kilichowekwa, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kikomo kilikuwa dola 6,000 tangu 2009, kikapanda hadi 7,200 mwishoni mwa Novemba 2022, na 9,200 kuanzia Novemba 30, 2024. SSA yenyewe hukata na kumlipa. Wewe unapokea kilichobaki. Mafao ya kila mwezi yanayofuata hayaguswi.

Chukua malimbikizo ya dola 20,000. Robo yake ni 5,000, iko chini ya kikomo, kwa hiyo wakili anapata 5,000 na wewe 15,000. Chukua 48,000. Robo ni 12,000, lakini kikomo kinamzuia kwenye 9,200, unabaki na 38,800. Sasa chukua mtu wa SSI ambaye malimbikizo yake ni 4,000 tu. Wakili atapata 1,000 kwa kazi ya mwaka au zaidi. Ndiyo maana ofisi nyingi binafsi huipokea simu yako kwa furaha mpaka waliposikia ni SSI peke yake. Si kwamba kesi yako haina haki. Haina malipo. Kwa watu wa SSI tupu, msaada wa kisheria na kliniki za vyuo si chaguo la pili. Mara nyingi ndiyo mlango wa kwanza.

Asilimia ileile inatozwa na wakili na mwakilishi asiye wakili, kwa hiyo usidhani asiye wakili ni wa bei nafuu. Na bei ikiwa sawa, tofauti ni ubora wa mtu.

Mambo matatu ya mkataba nayaangalia kwa jicho kali. Gharama za nakala za rekodi, posta na mengineyo ziko nje ya ile robo, na mikataba mingine inakutaka uzilipe hata ukishindwa. Pili, ada yoyote lazima iidhinishwe na SSA. Mtu anayetaka fedha taslimu sasa hivi "za kufungua faili" umuulize zitakaa kwenye akaunti gani ya dhamana, na ukiona anasitasita, ondoka. Tatu, ni rahisi kumwacha wakili lakini si rahisi kupata mwingine baada yake. Wa kwanza asipoachia ada yake, mgawanyo wa malipo unakuwa na taratibu ndefu, na mawakili wengi hawataki kuingia kwenye kesi iliyokwisha kuguswa. Kwa hiyo chagua taratibu mara ya kwanza. Usisaini kwa sababu tu tangazo lilikuwa kwenye basi.

Watu huniuliza kama wakili hana faida ya kuchelewesha kesi ili malimbikizo yavimbe. Kihesabu, ndiyo, mpaka anapofika kwenye kikomo. Kwa niliyoyaona, foleni ya SSA inatosha kuchelewesha bila msaada wa mtu. Lakini wakili asiyeomba rekodi mpaka notisi ya jaji itoke, huyo ana kasoro, awe na nia hiyo au asiwe nayo.

Kitu ambacho wakili wa Kiingereza hatakiona

Hapa nasema kama mkalimani. Daktari anaingia, anauliza, "Unaendeleaje?" Sisi tumelelewa kujibu salamu kabla ya kueleza shida. Mama mmoja, nyonga zake zimekwisha, analala kwenye kiti kwa sababu kitandani hawezi kugeuka, alijibu kama alivyofundishwa: "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa anaripoti anaendelea vizuri. Ikaandikwa hivyo ziara sita mfululizo. Jaji akazisoma zote.

Neno jingine ni "najikaza". Kwetu lina maana ya kuumia na kuvumilia. Kwa Kiingereza cha haraka linatoka kama "ninaweza". Mzee akiulizwa kama anafua nguo zake, anasema "najikaza hivyohivyo", na rekodi inasema anafanya kazi za nyumbani bila tatizo. Haikusema kwamba anafua shati moja, anakaa, anamalizia kesho.

Kwa hiyo, iwe unakwenda mwenyewe au na wakili, ukipewa nafasi sema mambo kwa kipimo. Badala ya "naumwa sana", sema mara ya mwisho ulipokwenda dukani ulisimama mara ngapi njiani. Galoni ya maziwa ina uzito wa takriban pauni 8 na nusu. Sema kama unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja au miwili, na mara ngapi kabla ya kuacha. Salamu mjibu daktari, kisha useme, "Lakini leo nina shida tatu."

SSA inatoa mkalimani bure kwenye kila hatua, na ni haki yako kumtaka. Si lazima utumie mtoto wako, na mimi nakuomba usimtumie, kwa sababu mtoto hupunguza maumivu ya mzazi anapoyafasiri. Ukitoka Kongo na Kiswahili chako ni cha Lubumbashi au Bukavu, sema hivyo wakati wa kuomba. Mkalimani wa Dar es Salaam na mwombaji wa Bukavu wanaelewana kwenye mambo ya soko, lakini kwenye majina ya magonjwa na sehemu za mwili huweza kupishana kabisa. Ukiona hamwelewani, mwambie jaji palepale, si baada ya uamuzi.

Kwenye kigezo hiki ofisi ndogo na za msaada wa kisheria mara nyingi zinashinda. Wamezoea wakimbizi, wana muda wa kikao cha matayarisho chenye mkalimani, na wanajua kwamba mkimbizi asiye raia kwa kawaida ana miaka 7 tu ya kupokea SSI, kwa hiyo suala la uraia linakwenda sambamba na rufaa. Ofisi kubwa ya simu za bure itakutengea dakika 30 na laini ya mkalimani inayokatika.

Kama ungekuwa ndugu yangu

Dirisha la rufaa ya kwanza bado wazi, na una mtu wa kukusaidia Kiingereza: jaza mwenyewe wiki hii, huku unapiga simu kwa msaada wa kisheria.

SSDI, umefanya kazi miaka mingi, una zaidi ya miaka 50, mgongo au moyo umekuangusha: tafuta wakili binafsi mapema. Kanuni za umri zinaanza kukusaidia ukifika 50 na zaidi ukifika 55, lakini zinategemea jinsi kazi zako za miaka 5 iliyopita zilivyoelezwa, ngumu au nyepesi, zenye ujuzi au zisizo nao. Nimeona mtu akijiita "meneja" wa stoo kwa fahari wakati alikuwa anabeba maboksi. Fahari hiyo iligharimu. Wakili angeinasa kwenye fomu ya kwanza.

SSI peke yake: msaada wa kisheria kwanza, kliniki ya chuo pili, mwakilishi asiye wakili tatu.

Umeshapata tarehe ya jaji na huna mtu: acha kila kitu, piga simu leo.

Na kama barua iliyokunyima imetoka kwa kampuni ya bima ya kazini kwako na siyo SSA, karibu yote niliyoandika hapa hayakuhusu. Mpango wa namna hiyo mara nyingi unaongozwa na ERISA, sheria ya 1974 inayohusu mipango ya mafao ya waajiri. Unapewa siku 180 za rufaa ya ndani, ambayo inaamuliwa na kampuni ileile, na usichokiweka kwenye faili wakati huo kwa kawaida jaji wa mahakama hatakiona baadaye. Hakuna kikao cha kumweleza jaji maumivu yako kama kile cha SSA, na ada ya wakili haina kile kikomo cha SSA. Hapo wakili anatakiwa kabla ya rufaa ya kwanza, si baada yake, na awe anayefanya kesi za aina hiyo.

Ukimpigia wakili yeyote, kabla hajaanza kukueleza miaka ya uzoefu wake, muulize nani atakayekaa nawe siku ya kesi na kama mtakutana naye na mkalimani kabla ya siku hiyo. Akikubali, mwombe nakala ya SSA-1696 uliyosaini na ya mkataba wa ada, uzihifadhi pamoja na barua ya kunyimwa. Na bahasha yake yenye muhuri wa posta usiitupe, maana hiyo ndiyo itakayokutetea kama barua ilichelewa kukufikia.